Kofia ya Damisi

Malindi, Unguja Mjini
Ijumaa, 3 Julai 1908

Kwa Mzee Pandu bin Jecha, Makunduchi.

Salamu zikufikie wewe na wazee wa huko. Mama yangu, Bi Kulthum, amesimama nyuma ya kiti changu na anasema barua kwa mzee haianzi bila ya shikamoo. Basi shikamoo.

Sasa nije kwenye jambo. Wewe ulikuwa damisi wa jumba la Sultani wa zamani, kazi yako kumchekesha mfalme na wageni wake, nami sikudharau kwa hilo, kila mtu na riziki yake. Mimi ni Mshauri wa Serikali kwa mambo ya raia. Nimesoma Bombay, navaa saa ya mnyororo, na Bwana Mkubwa, Mwingereza anayeongoza Serikali, huniita kwa jina langu. Tofauti baina yetu hata punda wa gari anaiona.

Juzi niliwahutubia mahamali, wale wachukuzi wa mizigo wa bandarini hapa Malindi. Niliwaeleza kwa upole kwamba saa za kazi zilizoongezwa ni neema, kwa sababu mtu aliye kazini hana nafasi ya kugombana na mkewe. Walicheka sana, nikadhani wamefurahi. Leo nimepita kwenye baraza ya kahawa, nikamsikia mtu anamwambia mwenzake: “Serikali nayo nshaiona, imejipatia damisi wake.” Mwenzake akamjibu: “Usimtukane damisi. Mzee Pandu alipokuja kuuza mikeka alisema yule si damisi hata kidogo, damisi ana akili.”

Nataka uandike kwa mkono wako kuwa hukusema hivyo, nami nitaisoma barua yako hadharani pale pale barazani. Wasemaji husema lisemwalo lipo. Mimi sitaki liwepo.

Wasalaam,
Saud bin Ghanim
Mshauri wa Serikali


Makunduchi
Jumanne, mwongo wa thelathini na tatu. (Sisi huhesabu siku kumi kumi kutoka Mwaka, sikukuu yetu ya mwaka mpya, hadi Mwaka. Kwa hesabu yako ya Kizungu sijui ni lini.)

Bwana Saud, mwanangu,

Marahaba. Na Bi Kulthum mpe heshima zangu, na umpe kiti, mbona wewe umekaa na mama amesimama?

Naandika kwa mkono wangu kama ulivyotaka: sikusema kuwa damisi ana akili. Nilisema damisi huchekesha kwa kusudi. Wewe wachekesha bila ya kujua, na hiyo si kazi, hiyo ni ajali. Hii waweza kuisoma barazani.

Usione nakufanyia kiburi. Watu wa mjini hudhani damisi ni mtu wa kupiga vichwangomba na kulia kama mbuzi. Nimelia kama mbuzi, sikatai, na mbuzi wenyewe waliitika. Lakini siku moja Bwana wangu aliletewa pilau iliyozidi chumvi, mbele ya mabalozi, akaamuru mpishi apigwe bakora. Mpishi mzee, mgonjwa, asingemaliza bakora tano. Watu wazima wote barazani wakatazama zulia. Mimi nikajitupa chini, nikayanywa maji ya kunawia mikono, birika zima, kisha nikaomba kwa machozi na bahari nayo ipigwe bakora, maana nimeionja na imezidi pilau. Bwana akacheka mpaka akasahau. Mpishi akenda zake nyumbani, na mimi tumbo likaniuma siku mbili. Hiyo ndiyo kazi.

Na mimi nina langu. Sheha wetu, mkuu wa kijiji, ametusomea amri: juma moja baada ya Mwaka kila mwanamme mwenye nguvu atoke Makunduchi akachume karafuu mashamba ya kaskazini, akae huko miezi mitatu. Mtama wetu utakuwa ndiyo kwanza umekauka shambani. Nani atauvuna? Nani atavua? Mwanangu Hija ni huyo mmoja tu, na mimi goti langu nililiacha jumbani kwenye vichwangomba. Mtama usipovunwa tutakula nini hadi mwakani? Amri hiyo ina sahihi ya Bwana Mkubwa, na chini yake iko sahihi yako, nzuri kweli, mkia mrefu.

Mwambie Bwana Mkubwa angoje mtama uvunwe, na kila nyumba aiachie mtu mmoja. Ukimwambia hayo, nitakuja Malindi mwenyewe, nipande juu ya gunia, niwaambie mahamali kuwa wewe ni bora kuliko damisi.

Wako,
Pandu bin Jecha


Malindi
14 Julai 1908

Mzee Pandu,

Shikamoo. Safari hii bila ya kulazimishwa, Mama yuko kwa jirani.

Barua yako sikuisoma barazani, nawe wajua kwa nini.

Juu ya amri, nitakueleza mambo ya Serikali ya kisasa yanavyokwenda. Ilisomwa baada ya chakula cha mchana. Ilikuwa ndefu. Ilianza kwa maneno “kwa manufaa ya raia”, na mimi nikaona jambo lililoanza vizuri hivyo haliwezi kuishia vibaya, nikasema naam na nikatia sahihi. Kila mtu alitia sahihi. Huo ndio umoja.

Sasa wataka nirudi niseme nini? Aliyekuwa Mshauri kabla yangu alisema “lakini” mara moja tu, tena kwa sauti ndogo. Sasa anaangalia taa ya kuongozea meli kwenye kisiwa kisichokaliwa hata na kunguru, na mkewe kakataa kumfuata. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Nina mama wa kumtunza, na mambo yangu yote yamesimama juu ya kazi hii.

Nina swali moja, nalo ni kwa ajili ya elimu tu. Ulimwambiaje mfalme maneno yale na shingo yako ikabaki mahali pake?

Wasalaam,
Saud bin Ghanim
Mshauri wa Serikali


Makunduchi
Mwongo wa thelathini na tano unaanza leo

Bwana Saud, mwanangu,

Marahaba, na salamu kwa jirani.

Mkono kuubusu sawa. Lakini mwenye kubusu huinuka baadaye akavuta pumzi, na wewe tangu ulipoinama hujainuka.

Nakufundisha bure, kwa ajili ya elimu tu kama ulivyosema. Mkubwa hamsikilizi mtu aliyesimama sawa naye, humwona kama mlango uliofungwa. Kwa hivyo anguka kwanza. Ukianguka atacheka, na mkubwa akicheka hufumba macho, akajisahau, akawa mtu kama watu. Hapo hapo pitisha neno lako. Liwe fupi, liwe la kweli, na ukishalisema nyamaza. Wanaoharibu ni wale wanaochekesha kisha wakaona raha ya kuchekwa, wakasahau walichokuja kusema. Jumbani tulikuwa nao wengi, wengine mawaziri.

Sasa nakualika. Kwetu nyumba isiyo na mgeni siku ya Mwaka ina mkosi mwaka mzima. Njoo uwe mgeni wangu, na Bwana Mkubwa umlete, auone mtama wetu kwa macho yake. Mke wangu Mashavu atapika pilau ya kuku wawili. Kuku wenyewe nshawapa habari, mmoja kakubali.

Tena ujue mambo ya huku usije ukashtuka. Wanaume watapigana kwa migomba, kaskazini na kusini, na kila mwenye kinyongo na mwenzake atakitoa hapo, jua likizama hakuna anayedai. Wanawake watapita na nyimbo. Wakikuimba, usinune, anayenuna huimbwa ubeti wa pili, na wa pili ndio mbaya. Mashavu anasema nikwambie uvae nguo nyepesi.

Na la mwisho ndilo kubwa. Uwanjani utakiona kibanda cha makuti, kipya, kina kivuli kizuri na mkeka ndani. Kile si cha wageni. Hukaa humo mtu mmoja, na miaka hii ndiye mimi, kikatiwa moto, naye akatoka mbio kama aliyeponea chupuchupu, watu wakikitupia michanga. Ni dua yetu, kwamba mwaka huo nyumba ikiungua, mtu asiungue. Usikikaribie.

Wako,
Pandu bin Jecha


Malindi
30 Julai 1908

Mzee Pandu,

Shikamoo. Barua yako ni ndefu nami nina makaratasi mengi. Nimeisoma hadi kwenye kuku wawili, na hapo nikaona jawabu ni ndiyo.

Bwana Mkubwa amekubali kuja. Anapenda mila na ana daftari la kuziandikia. Nimetayarisha hotuba ya kurasa kumi na moja. Jambo la mtama nimeligusa katika ukurasa wa tisa, kwa mbali, kiasi ambacho anayelijua atalitambua na asiyelijua hatasumbuka.

Wekeni mahali pa heshima penye kivuli, maana nitavaa joho langu jipya la Maskati, nalo ni zito. Kama hakuna wa kunionyesha msihangaike. Mtu aliyezoea mahali pa heshima hupatambua mwenyewe.

Wasalaam,
Saud bin Ghanim
Mshauri wa Serikali


Malindi
17 Agosti 1908

Mzee Pandu,

Shikamoo. Sherehe ya Mwaka ilikwenda kama ilivyopangwa.

Kiatu changu cha kushoto kikionekana, kirudishwe kimya kimya. Hotuba isitafutwe. Mama akiuliza, joho lilinaswa na msumari.

S.


Malindi
Siku mbili baada ya Saud kurudi

Kwa Pandu bin Jecha.

Pandu, hujambo? Na Mashavu hajambo?

Mwanangu amerudi kutoka kwenu na joho la Maskati lenye tundu la kupita paka. Anasema ni msumari. Msumari gani unaounguza? Kilemba kinanuka moshi, nimekifua mara mbili kwa sabuni na mara moja kwa udi. Nyusi za upande mmoja hana, na anapaka wanja akidhani sioni.

Hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba tangu juzi hajasema “kwa manufaa ya raia” hata mara moja. Jana alikula kimya, kisha akaniuliza kama nimechoka. Mimi! Nina wasiwasi anaumwa.

Siku ya harusi yangu wewe ulinichekesha mpaka wanja ukanitiririka, bibi harusi mzima nikatoka kama aliyefiwa. Sikukulipiza. Nieleze yaliyotokea, tena usinipambie.

Kulthum binti Darwesh


Makunduchi
Mwongo wa kwanza wa mwaka mpya

Bibi Kulthum, heshima zangu zikufikie,

Sipambi. Mashavu yupo hapa ubavuni, nikiongeza kitu ananifinya.

Wageni walifika asubuhi. Bwana Mkubwa tulimpa kiti chini ya mwavuli wake mwenyewe. Saud naye alikuwa na kiti, lakini kiti kilikuwa juani, na joho lile, Bibi, ni kama kuvaa godoro. Alikuwa akirowa jasho. Akaangaza macho huku na huku, akaona kibanda kipya, kina kivuli na mkeka. Akasema: “Alaa, kumbe pametayarishwa,” akainama akaingia, akakaa, akatoa kurasa zake kumi na moja na kuanza kujisomea.

Mimi wakati huo nilikuwa nimerudi nyumbani kuchukua kofia yangu ya zamani, ile nyekundu yenye njuga, maana hutoka nayo mbio kila Mwaka na siku hiyo niliisahau. Mwanangu Hija, ambaye kazi yake ni kuwasha, alichungulia akaona mgongo wa mtu na kilemba. Akadhani baba leo kazua mchezo mpya. Akawasha.

Makuti makavu hayana salamu. Tulisikia kwanza sauti ya hotuba, kisha sauti nyingine. Akatoka, Bibi, akatoka! Joho mabegani, kiatu kimoja, kurasa zinaruka nyuma yake zikiwaka moja moja, ya tisa sijui ilikuwa ipi. Na watu, kwa kuwa ndiyo mila, wakatupa michanga, na kwa kuwa ni yeye wakatupa mingi zaidi. Wanawake walikuwa na wimbo tayari. Miaka yote niliyotoka katika kibanda kile sijapata kushangiliwa vile, nami nasema haya kwa uchungu.

Bwana Mkubwa alianguka na kiti. Mtu yule hatukupata kuyaona meno yake. Alicheka akilia, ameushika mwavuli, daftari liko mchangani. Akamwuliza Saud, kwa Kiswahili chake cha kuokota: “Wewe kimbia nini?”

Hapa Mashavu ameacha kunifinya, maana haya naye aliyasikia. Mwanao alisimama mbele yake, nyusi nusu, kiatu kimoja, hotuba hana. Nikajua sasa atasema kwa manufaa ya raia. Hakusema. Alisema hivi, kwanza kwetu kwa Kiswahili, kisha kwake kwa Kiingereza:

“Nilikaa ndani ya nyumba, na aliyeitia moto hakuuliza kama nimo. Na wewe Bwana, juma lijalo unazitia moto nyumba zote hizi. Hukuuliza nani yumo. Wala mimi sikuuliza, nikatia sahihi.”

Kisha akanyamaza. Hakuongeza hata neno, na mchanga ulikuwa bado unamtoka masikioni.

Bwana Mkubwa aliacha kucheka kidogo kidogo. Akamtazama, akatutazama sisi, akauliza mtama uko wapi. Nikampeleka kwa goti langu hili. Alisimama shambani kwa muda, akakata shuke moja akatia mfukoni, akasema watu wasitoke mpaka ataandika tena. Hija alilia. Na mimi pia, nimeshika kofia mkononi, njuga zikanisaliti.

Mwanao haumwi, Bibi. Mwache apake wanja.

Pandu bin Jecha


Malindi
31 Agosti 1908

Mzee Pandu,

Shikamoo.

Amri mpya imetoka leo. Mtama uvunwe kwanza, kila nyumba ibaki na mtu, na wanaokwenda karafuu ni wanaotaka. Nimeisoma yote kabla ya kutia sahihi, kurasa saba, hata maandishi madogo ya chini. Hija abaki kwako.

Hapo ndipo furaha yangu inapoishia. Bwana Mkubwa sasa hawezi kuniona bila ya kucheka. Nikiingia barazani anavuta hewa kwa pua na kuuliza kama kuna kinachoungua. Ameniagiza niende nyumbani kwake kila Ijumaa jioni niwahadithie wageni wake nilivyotoka kibandani, na juzi mkewe ameomba nikimbie kidogo wapate kuona. Nimekimbia. Mahamali wa Malindi huvua kofia nikipita na kunirushia mchanga kidogo, kwa heshima wanasema. Nimesoma Bombay, Mzee Pandu!

Mama amenisomea barua uliyomwandikia. Kisha akaitafuta ile uliyonialika, akaisoma hadi mwisho, akaniuliza: “Na wewe ulimjibu kuwa hukuimaliza?” Nikasema ndiyo, nilimjibu hivyo hivyo. “Naye alikuwa na siku nyingi za kukuandikia tena?” Nikasema bila ya shaka. Akakaa kitako akacheka peke yake mpaka adhuhuri, na kila akitulia anasema: “Kofia! Pandu kasahau kofia!” Sijui anacheka nini.

Nifanye nini na Ijumaa hizi?

Saud bin Ghanim


Makunduchi
Mtama tunavuna

Saud, mwanangu,

Marahaba. Bi Kulthum amekuwa akicheka bila ya sababu tangu ujana wake, usimsikilize. Uzee ni kusahau.

Unauliza ufanye nini na Ijumaa. Mwenye nchi anakungoja mlangoni kwake kila juma, ameshafumba macho kabla hujafungua mdomo, nawe wanililia mimi? Wakubwa wangapi wa Unguja wangetoa shamba wapate mlango huo? Nenda. Kimbia, ruka, nusa moshi, na kila Ijumaa uwe na neno moja la kweli mfukoni, moja tu. Ijumaa utakayokwenda bila ya neno, siku hiyo ndiyo watu wa barazani watakuwa wamesema kweli, kuwa wewe si damisi hata kidogo.

Anayeleta barua hii amebeba na kifurushi. Ni kofia yangu. Mashavu ameshona njuga iliyokatika na ametia kitambaa kipya ndani, maana kichwa chako ni kikubwa kuliko changu. Mimi naweka nadhiri ya kuja Malindi kupanda gunia kama nilivyoahidi, goti likipoa. Nitawaambia mahamali kuwa nimepata wa kunirithi.

Kiatu chako cha kushoto kimeonekana. Kuku ametagia ndani, tunamngoja.

Pandu


Malindi
Jumapili, 13 Septemba 1908

Mzee wangu Pandu,

Shikamoo. Kofia imefika, nimeijaribu nimefunga mlango, na imenikaa.

Kesho kuna baraza juu ya visima vya Ng'ambo, upande wa pili wa mji. Nimeisoma amri hadi mwisho, na mwisho wake ni mbaya. Wenye visima hawajaambiwa. Mlango wa baraza una kizingiti kirefu na Bwana Mkubwa hukaa akiukabili, basi nitajikwaa pale. Neno langu ninalo, fupi, Mama amelikata mara mbili.

Usiku huu sina raha, kama siku ya kwanza ya chuoni. Niombee nianguke vizuri.

Mwanao,
Saud